Ngazi za Majengo ya Zamani ya Biashara na Sheria ya Leo

Maoni yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hulipita kila siku bila kulitazama, nalo ni ngazi za majengo ya zamani ya biashara mjini Kampala. Tumelichagua kwa sababu nchini Uganda kikosi cha zimamoto kimo ndani ya Jeshi la Polisi. Jengo linapowaka, raia huzitafuta ngazi ili ateremke, na katika ngazi hizo hizo askari hutakiwa kupanda. Upana wa ngazi ndio unaoamua kama wawili hao watapishana au watazuiana.

Majengo mengi ya katikati ya mji yalijengwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1962, na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Mpango wake wajulikana: duka chini, makao ya jamaa juu, na ngazi moja inayopandia uani au kwenye kichochoro cha pembeni. Kwa familia mbili tatu ngazi hiyo ilitosha. Kisha ikaja amri ya mwezi Agosti 1972 iliyowapa Waasia siku 90 kuondoka, na majengo yakawekwa chini ya bodi ya msimamizi wa mali, ambako mengi yalikaa miaka mingi bila matengenezo ya maana. Wenyewe waliporejea, au wanunuzi wapya walipoyashika, mji ulikuwa umebadilika. Vyumba vya kulala vilikatwakatwa kuwa vibanda vya kuuzia nguo, simu na vipodozi, na mahali walipolala watu kumi sasa husimama mamia. Ngazi, lakini, ikabaki ile ile.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kanuni nyingi za ujenzi duniani hazimlazimishi mwenye jengo la zamani kubomoa kila kitu kwa sababu tu sheria mpya imetoka. Kwa mfano, Kanuni ya Usalama wa Maisha itumikayo Marekani huweka vipimo viwili: ngazi mpya yatakiwa iwe na vidato visivyozidi kimo cha milimita 178, na mahali pa kukanyagia pasipopungua milimita 279, lakini ngazi iliyokuwapo zamani huruhusiwa kufika kimo cha milimita 203 na kukanyagia milimita 229. Huo ni upole wa sheria, nao una mpaka. Jengo linapobadilishwa matumizi, makao yakawa soko, hesabu huanza upya, kwa kuwa idadi ya watu watakaoitegemea ngazi imebadilika. Uganda nayo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013, na kanuni zake za viwango zikafuata mwaka 2019. Jengo hutakiwa kuwa na kibali kabla ya watu kuingia kulitumia.

Kanuni za Marekani zenyewe hazikuzuka ofisini. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle kilichokuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Mlango mmoja wa ngazi katika ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya chuma ya nje ilikunjamana na kuanguka pamoja na watu waliokuwa juu yake, na ngazi za wazima moto hazikuzifikia ghorofa zile. Katika muda usiofika nusu saa walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Jengo lenyewe halikuungua hata likaanguka, na mpaka leo limesimama. Kwa hiyo anayejisifu kwamba kuta zake ni za mawe na sakafu zake ni za zege, hajajibu swali.

Aidha, si lazima uwepo moto. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la biashara la Freedom City kwenye barabara ya Entebbe, umati uliokuwa umetazama fataki ulisongamana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 wakapoteza maisha, wakiwamo watoto.

Sasa tuieleze ngazi yenyewe. Mguu wa binadamu hujifunza haraka: ukikanyaga vidato viwili vitatu, mwili huwa umekwisha kukipima kimo na hauangalii tena. Kidato kimoja kikizidi au kupungua, mguu hukosa mahali ulipotarajia, na mtu huanguka, hasa akiwa anateremka. Ndiyo maana kanuni niliyoitaja hairuhusu tofauti ya kimo kupita milimita 10 hivi kati ya kidato kirefu na kifupi katika mfululizo mmoja. Mwandishi wa maoni haya alipanda ngazi moja karibu na kituo cha mabasi, akapima kwa futi ya fundi: kidato cha kwanza milimita 205, vilivyofuata 175, na cha mwisho 145. Chanzo chake si ujenzi wa awali. Mwenye jengo alitaka kulipendezesha, akaweka marumaru na saruji yenye unene wa milimita 30 juu ya kila kidato, asiguse sakafu ya chini wala ya juu. Kidato cha kwanza kikaongezeka, cha mwisho kikapungua, na vya katikati vikabaki kama vilivyokuwa. Na marumaru yenyewe yanateleza kama sabuni mvua inapoingia! Alitumia fedha kuifanya ngazi kuwa mbaya kuliko alivyoikuta.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ngazi iliyo wazi, isiyo na kuta wala milango kati yake na maduka, ni dohani. Moshi ni wa moto, hupanda. Ukikosa kizuizi huifuata njia ile ile ambayo watu wa juu wanataka kuishukia. Dawa yake ni kuizungushia ngazi kuta zisizoshika moto upesi na kuweka milango inayojifunga yenyewe, isiyotiwa kufuli, na inayofunguka kuelekea upande watu wanakokimbilia. Mlango huo ukizuiliwa kwa tofali ili upepo uingie, ni sawa na kutokuwapo.

Wenye majengo hulalamika kwamba gharama ni kubwa, na katika hilo wana haki kiasi, kwani ngazi ya pili hula nafasi ya maduka yanayolipa kodi, na pengine ardhi ya kuijengea haipo. Lakini si kila kazi ni ya kubomoa. Reli ya kushikia pande zote mbili, kwenye kimo cha kati ya milimita 865 na 965, nyembamba ya kutosha kiganja kuizunguka, ni kazi ya siku chache ya mchomeleaji. Vizuizi vya pembeni vyenye mapengo ambamo mtoto hupitisha kichwa huongezewa nondo hadi pengo lisizidi milimita 100. Ukingo wa kila kidato hutiwa mstari usioteleza na wenye rangi inayoonekana. Taa yenye betri huangaza umeme unapokatika. Ama kuondoa mizigo chini ya ngazi na kwenye kona zake, hilo halina gharama hata senti moja.

Kwa askari wa polisi, jambo hili lina upande wake. Mjini New York, tarehe 11 Septemba 2001, katika kila mnara kati ya ile miwili, ngazi mbili kati ya tatu zilikuwa na upana wa mita 1.12 tu, na wazima moto waliobeba vifaa vizito walipanda wakikutana na maelfu wanaoshuka. Baada ya hapo kanuni za majengo marefu zilibadilishwa, zikadai ngazi ya ziada kwa majengo marefu mno na alama zinazong'aa gizani. Kampala haina minara ya namna hiyo, lakini ina ngazi nyembamba kuliko hizo. Askari anayelinda zamu katika eneo la biashara anaweza kuzijua kabla ya siku ya hatari: ipi ina mlango wa juu unaofungwa jioni, nani anashika ufunguo, ipi imezibwa na jenereta. Taarifa hizo zikiandikwa kituoni, kikosi cha zimamoto hakitazitafuta gizani.

Ile ngazi tuliyoipima tuliirudia wiki iliyopita. Reli imewekwa upande mmoja. Marobota ya nguo yangali yamejaa kwenye kona ya ghorofa ya pili, na mlinzi alituambia kwamba mlango wa juu hufungwa saa 12 jioni, wakati mafundi cherehani bado wamo ndani.