Umeme na gesi ya majumbani mjini Songea

Umeme na gesi ya majumbani mjini Songea ni nishati zinazotumiwa na kaya za makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kwa taa, vyombo vya umeme na kupikia. Umeme huuzwa na shirika moja tu, TANESCO, hivyo mkazi wa Songea hawezi kuhamia kampuni nyingine yenye bei nafuu zaidi. Gesi ya kupikia huuzwa na kampuni mbalimbali. Kwa sababu hiyo, kwa upande wa umeme kaya hupunguza gharama kwa kuwa katika kundi sahihi la bei, na kwa upande wa gesi kwa kuchagua muuzaji.

Historia ya umeme Songea

Kwa miaka mingi Songea haikuunganishwa na gridi ya taifa. Mji ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na mafuta yake yalisafirishwa kwa barabara kutoka mbali. Mwaka 2015 ulianza kupata pia umeme wa maji kutoka kituo cha Tulila katika mto Ruvuma, chenye uwezo wa megawati 5. Kituo hicho ni mali ya masista Wabenedikto wa Chipole, ambao huiuzia TANESCO umeme.

Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, mkoani Njombe. Njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 250 na vituo vya kupoza umeme huko Madaba na Songea. Ilijengwa kwa fedha za serikali ya Tanzania na za Uswidi kupitia shirika la Sida. Rais John Magufuli aliizindua rasmi Aprili 2019 wakati wa ziara yake mkoani Ruvuma.

Mabadiliko hayo yaliiondolea TANESCO gharama kubwa ya dizeli na kuupa mji umeme mwingi zaidi. Hata hivyo, hayakushusha bei ya uniti kwa mteja wa nyumbani, kwa kuwa bei za TANESCO ni zilezile nchi nzima. Wakazi wa Songea walilipa bei hiyohiyo hata wakati umeme wao ulipozalishwa kwa dizeli.

Kwa nini muuzaji ni mmoja

Katika nchi kadhaa mteja anaweza kubadilisha kampuni inayomuuzia umeme bila kubadilisha nyaya wala mita. Nchini Uingereza kaya zote zilipata haki hiyo kwa gesi mwaka 1998 na kwa umeme mwaka 1999. Nyaya zinabaki za kampuni ya usambazaji, na kinachobadilika ni anayetoza bili.

Nchini Tanzania, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliruhusu kampuni binafsi kuzalisha na hata kusambaza umeme kwa leseni. Mwaka 2014 serikali ilipitisha mpango wa mageuzi uliolenga kuigawa TANESCO hatua kwa hatua hadi mwaka 2025, lakini mgawanyo huo haukufanyika kama ulivyopangwa. Wazalishaji wadogo kama Tulila huiuzia TANESCO, nayo ndiyo humuuzia mteja wa Songea. Bei huidhinishwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji.

Makundi ya bei ya umeme

Kaya nyingi ziko katika kundi la D1 au T1. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016:

- D1 ni kundi la matumizi madogo, la wateja wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi ni shilingi 350.
- T1 ni kundi la matumizi ya kawaida. Kila uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza.

Juu ya bei hizo kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya bei nafuu ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, na ya T1 kwa takriban shilingi 356.

Kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi hulipa shilingi 7,320 ikiwa D1, lakini takriban shilingi 21,370 ikiwa T1. Tofauti ni zaidi ya shilingi 14,000 kila mwezi kwa umeme uleule. Mteja wa T1 ambaye matumizi yake ni madogo anaweza kuomba kuhamishwa katika ofisi ya TANESCO. Mteja wa D1 anayezidisha uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa T1.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo pia hukatwa kupitia mita ya LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa sababu hiyo ununuzi wa kwanza wa mwezi huleta uniti pungufu, na hilo si dalili ya kubadilishiwa kundi.

Nyumba za kupanga

Wapangaji wanaotumia mita moja hujikuta katika T1 hata kama kila mmoja anatumia umeme kidogo, kwa sababu matumizi yao hujumlishwa. Wapangaji watatu wenye uniti 30 kila mmoja hufikisha uniti 90. Wakiwa T1, kila mmoja hugharimika takriban shilingi 10,690. Kama kila mmoja angekuwa na mita yake ya TANESCO katika D1, angelipa shilingi 3,660. Mita ndogo inayofungwa na mwenye nyumba husaidia kugawana gharama kwa haki, lakini haibadilishi kundi la bei.

Gesi ya kupikia

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay husafirishwa kwa bomba kuelekea Dar es Salaam na haifiki Songea. Kaya za Songea hutumia gesi ya mitungi, ambayo huagizwa kutoka nje kwa meli na kuletwa kwa malori. Kampuni zinazouza nchini ni pamoja na Oryx, Taifa Gas na Lake Gas. Mitungi ya kawaida majumbani ni ya kilo 6 na kilo 15.

EWURA hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila mwezi, lakini bei ya gesi ya mitungi huamuliwa na soko. Hivyo kulinganisha maduka kuna faida. Muuzaji anapaswa kuwa na mizani, na mteja ana haki ya kupimiwa mtungi: uzito wote ukitoa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake ndio uzito wa gesi.

Kupika kwa gesi au kwa umeme

Mtungi wa kilo 6 una joto linalolingana na uniti 77 hivi za umeme, lakini karibu nusu hupotelea pembeni ya sufuria. Jiko la umeme la sahani hupoteza kidogo zaidi ya robo, hivyo kazi ya mtungi huo huhitaji takriban uniti 55.

Kaya ya D1 yenye uniti 60 ikiongeza 55 za kupikia hufikisha 115. Ikihamishiwa T1, hulipa takriban shilingi 40,970 kwa mwezi badala ya 7,320. Kwa makadirio hayo, kaya inayomaliza mtungi mmoja wa kilo 6 kwa mwezi hunufaika kubaki na gesi iwapo mtungi huuzwa chini ya shilingi 33,000 hivi. Kwa kaya iliyokwisha kuwa T1, ambayo haina nafuu ya kupoteza, uniti 55 hugharimu takriban shilingi 19,600, hivyo umeme huwa nafuu kila mtungi unapouzwa zaidi ya hapo.