Je, Wajua? Senti ya Tundu na Mkono wa Sikukuu

Sikukuu mosi, Tibirinzi, Pemba, karibu na kiwanja cha kufurahishia watoto. Mtoto wa miaka kama sita amefumba kiganja kwa nguvu. Ndani mna sarafu ya mia mbili, yenye simba upande mmoja na Mzee Karume upande wa pili. Alipofika kwa muuza ubuyu alikifumbua, akaondoka na kipakiti kimoja, na mkono wake wa sikukuu, yaani fedha aliyopewa kusherehekea, ukawa umekwisha.

Je, wajua kuwa mia mbili hiyo ni senti 20,000?

Je, wajua kuwa hadi mwisho wa 1935 Wapemba walihesabu kwa rupia? Rupia ya Kihindi iligawika pesa 64, na hilo "pesa" ni paisa ya Wahindi. Tarehe 1 Januari 1936 Zanzibar iliingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Piga hesabu: pesa moja ilizidi senti mbili kwa kidogo tu. Leo neno hilohilo limebeba mamilioni.

Je, wajua kuwa mwaka huohuo wa 1936 zilifuliwa senti tano na senti kumi zenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba kabla hajavishwa taji? Kwao Uingereza sarafu za sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma. Huku kwetu jina lake lilinunua kwenye maduka, na sababu ni tundu: senti zetu zilitobolewa katikati, hapakuwa na mahali pa kuchora uso, basi hakukuwa na haja ya kusubiri picha. Ishike senti kumi ya namna hiyo uitazame. Ni shaba nyekundu, pana, nzito kiganjani, na pembe mbili za ndovu zimelizunguka lile tundu kulia na kushoto. Kwa macho yangu, hakuna sarafu nzuri kuliko hiyo iliyowahi kupita pwani hii.

Je, wajua kuwa shilingi yetu ilikuwa sawa na ya Uingereza, ishirini kwa pauni, lakini ya kwao iligawika peni 12 na ya kwetu senti 100? London iliacha hesabu ya kumi na mbili tarehe 15 Februari 1971. Afrika Mashariki ilikuwa na senti mia katika shilingi tangu 1921. Walitufuata baada ya miaka hamsini!

Je, wajua kuwa thumuni ni Kiarabu, maana yake moja ya nane? Riale moja ilihesabiwa shilingi nne, na senti hamsini ni moja ya nane yake. Riale yenyewe ilikuwa fedha ya Maria Theresa wa Austria, iliyoendelea kufuliwa ikiwa na mwaka 1780 hata baada ya yeye kufa.

Je, wajua kuwa senti tano ya 1966, toleo la kwanza la Benki Kuu ya Tanzania, ilichorwa samaki, ishirini mbuni, na thumuni sungura? Mchoraji, Christopher Ironside, ndiye pia aliyechora peni mpya za Waingereza za 1971.

Je, wajua kuwa daladala imepata jina lake kwa dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli mwanzoni mwa miaka ya 1980? Na shilingi ilivyoshuka thamani, pauni ya Uingereza nayo imetoka shilingi 20 hadi zaidi ya 3,000.

Je, wajua kuwa ukitaka kuilipa sarafu ya shilingi 50 kwa zile senti tano za tundu, utahitaji 1,000, mzigo wa zaidi ya kilo 5?

Na zipo sarafu za kale kuliko hizo zote: mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, wachimbuaji walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11, pamoja na dinari za dhahabu za Fatimiya. Kisiwa hiki kimejua chenji kwa karibu miaka elfu.

Msomaji, kama nyumbani kuna bibi mwenye mkebe wa senti za tundu, usiziuze kwa mtu wa vyuma chakavu. Kaa naye, muulize thumuni ilimnunulia nini siku ya sikukuu, na jibu lake uliandike.