Kabla ya kununua mashine ya kufyekea, kague kichaka chenyewe

HOROHORO

Mfanyabiashara anayetoka Mombasa au Kwale kufuata machungwa Muheza mara nyingi hanunui kwa kilo, hununua shamba. Anapatana bei na mkulima matunda yakiwa bado mtini, anaacha malipo ya mwanzo na kurudi nyumbani kusubiri yaive. Anaporejea na lori kupitia Lunga Lunga na Horohoro anakuta jambo ambalo halikuwemo kwenye mapatano: masika imepita, na kati ya michungwa pameota pori. Mabingobingo yamefika kifuani, lantana imeziba njia, upupu umepanda hadi kwenye matawi. Wavunaji wanakataa kuingia kwa kuhofia nyoka na muwasho. Machungwa yanadondoka na kuozea kwenye majani, na lori la kukodi linahesabiwa siku.

Nani afyeke? Mkulima atasema shamba ameshaliuza. Mnunuzi atasema alinunua matunda, si majani. Mwishowe hutoa fedha yule mwenye haraka, na mwenye haraka ni mwenye lori.

Hapo ndipo wazo la kununua mashine linapomjia mfanyabiashara, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Kwenye duka la vifaa zipo za kila bei, zote zinafanana: bomba refu, injini ndogo, kinga ya plastiki. Muuzaji atasema inakata kila kitu. Hakuna inayokata kila kitu, na ile inayokaribia kufanya hivyo ndiyo inayoweza kuua michungwa.

Gome la mchungwa ndilo la kuanza nalo. Miche mingi imebebeshwa juu ya shina la limao, na sehemu iliyo karibu na ardhi haivumilii jeraha. Ikichubuliwa hapo, ukungu unaokaa kwenye udongo hupata mlango. Shina huanza kutoa utomvu mzito, majani yanakuwa manjano na mti hudhoofika polepole. Uzi wa nailoni, ambao watu wengi huudhani salama kwa sababu ni laini, unaweza kuvua gome la mti mchanga kuuzunguka wote kwa sekunde chache. Mti uliovuliwa gome mzunguko mzima haufiki mbali. Kwa hiyo, kwa chombo chochote kile, duara la karibu na shina, kama hatua moja kila upande, hufyekwa kwa mkono.

Kwa mkono maana yake ni panga na kwanja, au slasha kama wanavyoiita ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Kwenye nyasi laini na shamba dogo, vibarua wawili watatu wenye makwanja yaliyonolewa vizuri bado ni jibu la maana, na mfanyabiashara anayevuna shamba moja tu kwa msimu hana sababu ya kununua injini. Hesabu inageuka pale anapokuwa na mashamba matano au sita yanayoiva kwa wakati mmoja na vibarua wote wa kijiji wameshachukuliwa kuvuna.

Akishaamua kununua, jambo la kwanza si jina la kampuni, ni unene wa kinachokatwa. Aingie shambani ashike vishina. Kama ni nyasi na magugu mabichi, uzi wa nailoni na injini ya sisi 25 hadi 30 vinatosha. Kama ni lantana na machipukizi ya unene wa kidole gumba, panahitajika kisu cha chuma cha meno matatu, na injini isiwe chini ya sisi 35. Vishina vinavyokaribia unene wa kifundo cha mkono, hadi sentimita 7 hivi, ni kazi ya diski ya msumeno kwenye mashine ya sisi 40 au zaidi. Kuweka diski hiyo kwenye mashine ndogo ya nyasi kwa sababu tundu limeenea ni kuunguza klachi na kumhatarisha anayeibeba.

Kwa kuwa diski huzunguka kinyume cha saa, ikigusa kisiki kwa pembe yake ya mbele upande wa kulia, mashine yote hurushwa kwa nguvu kuelekea kulia. Mfyekaji anayejua hukata kwa kupeleka kichwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hutumia upande wa kushoto wa diski kwenye vishina vigumu. Watengenezaji wengi hutaka watu wengine wakae umbali wa mita 15. Kwenye shamba lenye wavunaji kumi wanaopita na matenga, sharti hilo ni gumu, kwa hiyo kufyeka kumalizike kabla ya kuvuna kuanza. Miwani, kofia ngumu na buti vinunuliwe pamoja na mashine, na viingizwe kwenye bei yake tangu dukani.

Umbo nalo lina maneno. Mashine ya mpini wa pembe mbili, mfano wa usukani wa baiskeli, inatulia na inafaa diski ya chuma, lakini kati ya matawi yanayogusa chini inakwama. Yenye mpini wa duara inapenya kirahisi, ila ni ya nyasi. Ile ya kubebwa mgongoni, yenye bomba linalopinda, ni nzuri kwenye mteremko kama wa kuelekea Amani, lakini haikuundwa kwa ajili ya diski ya msumeno.

Kinachoua mashine hizi kuliko visiki ni mafuta. Nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili: nyingine hutaka mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, nyingine mililita 200, kufuatana na kitabu chake. Kijana aliyezoea bodaboda, ambayo oili yake hukaa peke yake, atamimina petroli tupu na pistoni itakwama siku hiyo hiyo. Anayejua kwamba mashine itapita mikononi mwa vibarua tofauti kila wiki anunue yenye oili yake peke yake, hata kama bei imezidi kidogo.

Trekta lenye kifyekeo linavutia kwa kasi. Linafaa mikorosho, ambayo kwa kawaida hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kwenye michungwa iliyotanda, njia inayobaki ni nyembamba, na anayeamua kupitisha jembe badala ya kifyekeo hukata mizizi ya kulisha mti, ambayo iko juu juu. Msumeno wa mnyororo ni wa visiki na miti iliyokufa tu. Tanzania misumeno hiyo husajiliwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hivyo asiuvushe mtu kienyeji. Moto usifikiriwe kabisa. Mikorosho ya Tanzania iliyotoa karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka hadi chini ya tani 20,000 katika miaka ya 1980, na miongoni mwa sababu ni mashamba yaliyoachwa yakamezwa na pori, kisha pori likashika moto.

Inabaki mpaka. Wafanyabiashara wengi wanaujua utaratibu rahisi wa Jumuiya, wa mzigo usiozidi dola 2,000 kwa hati rahisi ya uasili. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Machungwa yanaingia humo. Mashine iliyotengenezwa China au Ujerumani haipati uasili wa Afrika Mashariki kwa kuwa tu iliuzwa Mombasa, na risiti ya duka haiifanyi kuwa ya Kenya. Anayeivusha aulize forodha kwanza atalipishwa nini, ndipo alinganishe na bei ya Tanga. Mara nyingine iliyoonekana ghali Tanga ndiyo nafuu.

Vipuri vinamaliza ubishi. Kabla ya kulipa, aombe aonyeshwe palepale dukani plagi, kabureta, kamba ya kuwashia na kisu cha akiba cha mashine hiyo hiyo. Kisha aulize kama vinapatikana upande ambako mashine itafanya kazi, maana kipuri kilichoko Mombasa hakimsaidii aliyekwama Muheza Jumamosi jioni. Awashe injini ikiwa baridi, aizime, aiwashe tena ikiwa moto.

Na kwenye karatasi ya mapatano na mkulima, pale panapoandikwa bei na siku ya kuvuna, paongezwe mstari mmoja: nani anafyeka, na kufikia tarehe gani.