Kabla ya nta: fedha iliyojificha kwenye uoshaji wa magari Tabora

Kuosha magari ni biashara rahisi kuanza, na ugumu wake wa kuleta faida unatokana na urahisi huohuo. Mwenye tangi la maji, mashine ya presha, sabuni ya unga, sponji na matambara tayari ana ofisi. Kesho yake jirani anafungua ya kwake mita hamsini mbele, anapunguza bei kidogo, na wote wawili wanabaki kugombea bajaji na bodaboda. Tabora mjini hali ni hiyo, kama ilivyo Nzega, Urambo au Kigoma. Anayetaka kupanda juu ya ushindani huo huongeza huduma ya polishi: gari likishaoshwa linapakwa nta, linasuguliwa, linang'aa, mteja anaongeza fedha. Baada ya wiki mbili mng'ao umeondoka na mteja anajiuliza alilipia nini.

Kosa liko kwenye kazi inayoitangulia nta. Naamini faida ya kweli ya biashara hii imo katika saa moja au mbili za maandalizi ambazo karibu kila mtu anaziruka. Tabora ina sababu zake za kuzihitaji saa hizo kuliko miji mingi.

Anza na miembe. Mji huu umejaa miembe iliyoachwa na enzi za misafara ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, na mpaka leo kivuli kizuri cha kuegesha gari ni cha mwembe. Mwembe hudondosha utomvu, na utomvu ukikauka juani unashika rangi kiasi kwamba sabuni haiutoi. Ongeza vumbi jekundu la barabara za vijijini na lami inayorushwa na matairi. Ongeza pia chembe za chuma zinazotoka kwenye breki: zinaruka zikiwa za moto, zinajikita kwenye rangi na kuota kutu papo hapo. Reli nayo ina mchango wake. Mji huu umekuwa wa reli tangu 1912, Reli ya Kati ilipofika hapa ikitokea pwani, na sasa ndio njia panda ya SGR: kipande cha kutoka Makutupora, cha kwenda Isaka, na cha kwenda Kigoma chenye kilomita 506 ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Palipo na kukata na kusaga vyuma pana unga wa chuma hewani, na magari ya jirani hayapewi taarifa.

Halafu kuna gereji bubu. Fundi rangi anayepulizia nje, upepo ukivuma, hupaka gari la mteja wake pamoja na magari mengine matatu yaliyoegeshwa karibu. Vitone vya rangi hiyo ni vidogo mno kuonekana, ila ukipitisha kiganja utahisi boneti ina ukakasi wa msasa. Nta ikipakwa juu ya ukakasi huo haishiki rangi, inashika uchafu.

Dawa yake inaitwa klei. Jina linatokana na udongo, ila chenyewe ni plastiki laini inayofinyangika, iliyochanganywa na chembe za kusugulia ndogo mno. Ilibuniwa Japani na Tadao Kodate, na kazi yake ya mwanzo kwenye gereji za huko ilikuwa hiyohiyo ya kuondoa vitone vya rangi vilivyorukia mahali pasipohusika. Katika miaka ya 1990 ilipata hataza Marekani na kuenea duniani kote. Magari mengi yanayopita katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi yao yaliwahi kupitishwa klei kabla ya kupanda meli.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Gari linaoshwa kwanza kwa maji mengi, maana vumbi la Tabora lina mchanga, na chembe moja ya mchanga chini ya klei inachora rangi mstari ambao klei haiwezi kuufuta. Gari linasogezwa kivulini, boneti inaachwa ipoe. Kisha fundi anapima. Ni kweli mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, lakini ile karatasi laini ya plastiki ya kufungia mkate inatosha: anaivaa vidoleni na kuipitisha juu ya rangi, na vipele ambavyo ngozi tupu haikuvisikia vinasikika wazi. Anakata kipande cha klei, anakikanda mpaka kiwe bapa kama kitumbua, ananyunyizia rangi maji ya sabuni laini, na kuanza kukipitisha mbele na nyuma, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Mwanzoni klei inakwaruza na kutoa sauti hafifu. Baada ya mipito kadhaa sauti inakufa, mkono unateleza. Hapo anafuta, anapima tena kwa karatasi, anahamia kipande kingine cha boneti chenye ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Kila baada ya muda anageuza klei na kuikanda upya ili upande safi utokeze. Uchafu unaobaki juu yake, wa kahawia au mweusi, mwonyeshe mteja. Hakuna tangazo linaloishinda hiyo.

Klei ikianguka chini inatupwa, hata kama ilifunguliwa dakika tano zilizopita. Vijana wengi wanaojifunza hushindwa hapo, kwa sababu kipande cha gramu 100 kinaagizwa Kariakoo, kinakuja na basi, na roho inauma kukitupa. Basi kata vipande vidogo ili kinachoanguka kiwe kidogo. Hasara ya kuchora rangi ya mteja ni kubwa zaidi: rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima mpaka klia ya juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 tu, na klia peke yake ni kama theluthi ya hapo.

Klei ina mipaka, na fundi mwaminifu anaitaja kabla ya kupokea fedha. Haiondoi mikwaruzo. Haifufui rangi iliyopauka kwa jua. Hiyo ni kazi ya kompaundi. Kinyesi cha ndege kilichokwisha kula klia kinaacha alama ambayo klei haiigusi. Gari lililopigwa rangi upya mtaani lisubiri wiki kadhaa mpaka rangi ikauke hadi chini, la sivyo utaharibu kazi ya mwenzako. Na baada ya klei rangi iko uchi, haina hata masalia ya nta ya zamani, kwa hiyo ni lazima ipakwe nta siku ileile. Anayepitisha klei na kumwambia mteja arudi kesho kwa nta hajaielewa kazi yake.

Nani atalipia haya? Si kila mtu. Dereva wa Noah ya abiria anataka gari litoke mapema, basi. Lakini kuna mwenye IST aliyeihangaikia bandarini. TRA inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari dogo lililopitisha miaka minane tangu litengenezwe, na ushuru huo unapanda tena likipitisha kumi. Kubadilisha gari kumekuwa ghali, na mwenye akili analitunza alilonalo. Kuna dalali anayejua kwamba gari likiteleza mkononi mwa mnunuzi mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi. Kuna ofisi na mashirika yenye Land Cruiser nyeupe, ambazo kutu ya chembe za breki huonekana juu yake kama vidoadoa vya rangi ya chungwa. Na kuna magari ya maharusi. Hawa ndio soko. Bei yao ihesabiwe kwa muda: gari linaloshikilia sehemu ya kuoshea kwa saa tatu lilipe zaidi ya yale ambayo magari ya kawaida yangelipa katika saa hizohizo. Anayeipachika huduma hii bei ya kuosha pamoja na kachenji kidogo ataichoka ndani ya mwezi.

Sasa kopo lenyewe. Nta nyingi za magari za kopo huwa na karnauba, nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na nyingine huchanganywa na nta ya nyuki ili zipakike kwa urahisi. Linalonikera ni kwamba kopo hilo linauzwa katika mkoa ambao nta ya nyuki ni bidhaa yake ya tangu enzi za Mjerumani. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Uyui imejaa mizinga ya magome, na katika mizinga hiyo sega hukatwa lote, kwa hiyo nta hupatikana kwa wingi kuliko kwenye mizinga ya fremu. Masega yakikamuliwa asali yanachemshwa, yanachujwa, nta inaelea na kuganda, inakuwa vibonge vya manjano vinavyosafirishwa kwenda nje kutengenezewa vipodozi, dawa na mishumaa. Tumbaku ya Tabora nayo inakwenda kusindikwa Morogoro. Mkoa umezoea kuwa kituo cha kupitishia mali tangu siku za pembe za ndovu, na sioni sababu ya nta kuendelea na desturi hiyo.

Hata hivyo, mtu asichukue kibonge cha nta akakisugua kwenye boneti. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, na boneti nyeusi iliyoachwa kwenye jua la saa nane mchana inaweza kulikaribia joto hilo. Ikiwa peke yake italainika, itachafuka na kushika vumbi. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 mpaka 86, ndiyo maana ndiyo inayobeba mchanganyiko. Kwa hiyo karnauba itaendelea kununuliwa nje, ila si lazima kopo zima litoke nje. Kuyeyusha nta mbili kwa moto wa polepole, chombo kikiwa ndani ya maji, kisha kuongeza kiyeyushi mbali na mwali, ni kazi ya kiwango cha utengenezaji wa mishumaa na dawa ya viatu. SIDO ipo mkoani, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora mjini, na VETA inafundisha ufundi wa magari. Taasisi hizo tatu zikikaa meza moja zinaweza kutoa kopo la majaribio, likapimwa kwanza kwenye mlango mmoja wa gari kuukuu kwa msimu mzima wa jua kabla TBS haijaombwa alama.

Mwosha magari asingoje kopo hilo. Nta ya dukani inatosha kuanzia, mradi rangi imeandaliwa. Wakati mzuri wa kuanza ni mvua zinapokatika, Mei kuelekea Juni: matope yameisha, rangi za magari zina uchafu wa msimu mzima, masoko ya tumbaku yamefunguliwa na wakulima wanaanza kulipwa. Harusi hufuata fedha hiyo, na kila harusi ina angalau gari moja ambalo litapigwa picha kwa karibu.