Mtoto wa chantier na mlango wa université: bulletin isibaki nyuma

Kwenye chantier, familia haikai fasi moja. Leo baba anachimba dhahabu upande wa Bafwasende, mwaka ujao kazi iko upande wa Banalia, mama anafuata na watoto. Mtoto anaanza masomo huku, anaendelea kule, na kuna mwaka anabaki nyumbani, kaka yake anamfundisha jioni. Siku anataka kuingia Université de Kisangani, wazazi wanaulizana: huyu atapitia wapi?

Njia iko. Lakini inapita kwa karatasi, na karatasi hazitafutwi wiki ya mwisho.

Tuanze na yule aliyehama shule. Pale apparitorat, ofisi inayoandikisha wanafunzi, Diplôme d'État peke yake haitoshi. Wanaomba pia bulletins za miaka ya mwisho ya humanités, attestation ya kuzaliwa, ya mwenendo mzuri na ya afya. Kwa watoto wa wachimbaji, shida kubwa ni bulletins. Shule ya kule porini imefungwa, ao préfet amehamia fasi ingine, ao bulletin imezuiliwa juu ya deni.

Basi siku mnafunga mizigo, mpite shuleni kwanza. Muombe bulletin yenye muhuri na saini, pamoja na attestation de fréquentation. Juu ya bulletin kuna visanduku vya N° PERM: namba ile ifuate mtoto kwenye shule mpya. Na jina liandikwe vilevile kila fasi. Lokwa wa shule ya kwanza na Lokua wa shule ya pili, kwa mtu wa ofisi, ni watoto wawili. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni vile. Kama kuna deni, ongeeni na préfet mbele ya kuondoka. Ni heri kulipa kidogo kidogo mkiwa bado pale, kuliko kurudi na pikipiki kisha miaka minne kutafuta karatasi moja.

Sasa yule aliyesomea nyumbani. Kusoma nje ya darasa si haya. Mwaka 2020, corona ilipofunga shule, watoto walifuata masomo kwa redio. Mwaka 2023, mapigano kati ya Mbole na Lengola yalikimbiza familia nyingi za Lubunga, watoto wakakatiwa masomo. Hata université yetu ilijua kuhama: ilianza mwaka 1963 kwa jina la Université libre du Congo, na vita vya 1964 vikaifanya ihamishie masomo Léopoldville mbele ya kurudi.

Lakini huwezi kuingia université kwa kusema tu "nilisoma nyumbani". Sherti mtihani wa serikali, ule Exetat. Mtu asiye na shule anaufanya kama candidat autodidacte. Anajiandikisha kwa Inspection, miezi mingi mbele ya mtihani. Anayengoja mpaka wenzake wanaingia salle, mwaka wake umekwenda.

Achague option mapema. Hors-session inatangulia, na ndani yake kuna dissertation. Kisha session ordinaire inachukua siku 4: culture générale, sciences, langues, na cours d'option. Kupita kunaanzia 50%. Atafute items za miaka iliyopita na azijibu akiangalia saa. Na wazazi msisahau hii: dissertation inaandikwa kwa Kifaransa. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwa Kiswahili ao Lingala anaweza kujua hesabu vizuri, lakini akakwama hapo. Aandike ukurasa mmoja wa Kifaransa kila wiki, mwalimu wa karibu amsahihishie.

Mtajisikia pia watu wanaosema wanauza diploma, bila mtihani. Msiwape hata franga. Diploma zinahakikishwa, na mtoto anaweza kufukuzwa akiwa amekwisha kusoma miaka miwili, pesa zote za shimo zimepotea. Kila malipo yawe na reçu.

Akipata diploma, apeleke dossier apparitorat na aulize kama faculté anayotaka inafanya test ya kuingia. Kwa mfumo wa LMD, licence ni miaka 3. Baba anayepata pesa leo na kukosa kesho atenge kwanza ya inscription, siku mali imeuzwa, mbele ya matumizi mengine.

Na wewe kijana uliyeacha masomo ukashuka shimoni, mlango wa autodidacte ni wako pia. Ukishuka Kisangani kuuza, pita Inspection, uulize tarehe ya kujiandikisha na karatasi wanazoomba. Uziandike kwenye daftari, urudi nazo chantier.