Mitandao miwili, batri moja: sababu simu inaisha chaji haraka

Mashariki mwa RDC, simu yenye kadi mbili za SIM si anasa. Rezo moja inashika vizuri katikati ya mji, nyingine ndiyo inafika kijijini. Pesa kidogo ziko kwenye M-Pesa, zingine kwenye Airtel Money ao Orange Money. Mwenye laini moja tu anajua siku moja atakwama.

Lakini laini mbili hizo zinakula kwenye batri moja. Kufuatana na takwimu za Benki ya Dunia, karibu Mkongomani mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme. Wakaaji wengine wanalipa kila chaji kwenye kibanda chenye jenereta ao paneli za jua. Simu ikizimika, mwenyewe hakosi ujumbe tu. Anakosa pia njia ya kufikia pesa zake.

Wengi wanalaumu kioo, na kweli kioo kinakula. Lakini kuna mlaji mwingine asiyeonekana: redio ndogo ndani ya simu, ile inayozungumza na antena ya kampuni.

Simu iliyo mfukoni haijalala kabisa. Kila baada ya muda mfupi inaamka kusikiliza kama antena inaiita, kisha inalala tena. Kwenye 4G, kampuni ndiyo inachagua muda huo, na kwa kawaida ni kati ya sekunde 0,32 na sekunde 2,56. Kulala kwa vipindi namna hiyo ndiko kunaruhusu batri kumaliza siku. Ila kadi mbili za SIM zina ratiba mbili: simu inaamka kwa ajili ya hii, kisha inaamka kwa ajili ya ile.

Hali inakuwa mbaya zaidi pale rezo ni dhaifu. Antena ikiwa mbali, simu inapaza nguvu ili isikike. Simu ya kawaida ya 4G inaweza kufika karibu miliwati 200. Na rezo ikipotea kabisa, simu inaanza kuitafuta, inakosa, inarudia. Ndiyo sababu safari ndefu kwenye barabara isiyo na antena inaweza kumaliza batri hata kama mwenye simu hakupiga mtu yeyote.

Tena kuna gharama ya ujumbe mdogo mdogo. Ujumbe ukiisha kupita, redio hailali papo hapo. Inakaa macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kitu kingine. Ujumbe ishirini wa kikundi ukiingia mmoja mmoja, redio inaamshwa mara ishirini. Ukiingia kwa pamoja, inaamka mara moja tu.

Nchi zilizotangulia kwenye 5G zimekutana na shida hiyo kwa ukubwa zaidi. Korea ya Kusini ilifungua 5G kwa raia mwezi wa Aprili 2019. Huko, na katika nchi nyingi zilizofuata, kampuni hazikujenga mtandao mpya mzima kwa mara moja. Ziliweka 5G juu ya mgongo wa 4G. Simu inashika mitandao yote miwili kwa wakati mmoja: 4G kwa kupokea amri, 5G kwa kuongeza mwendo wa mega. Ni redio mbili zenye kuwaka pamoja.

Zaidi ya hayo, njia ya 5G ni pana. Njia moja ya 4G haizidi megahezi 20, lakini ya 5G inaweza kufika 100 kwenye masafa ya kati. Kwa kushusha filamu kubwa, upana huo unasaidia: kazi inaisha haraka, redio inarudi kulala. Kwa ujumbe wa maneno matatu, ni sawa na kuwasha lori zima kwa kwenda kununua chumvi.

Jambo hilo lilijulikana hadharani mwezi wa Februari 2021. Kampuni ya Verizon ya Marekani, iliyokuwa ikitangaza 5G kwa nguvu zote, iliwashauri wateja kwenye Twitter warudi kwenye 4G kama batri inaisha haraka. Ujumbe huo ulifutwa baadaye. Apple nayo, kwenye iPhone 12 iliyotoka Oktoba 2020, ilikuwa imeweka mpango unaorudisha simu kwenye 4G pale 5G haileti faida ya kuonekana.

Wahandisi wa 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu duniani, wametafuta dawa hatua kwa hatua. Kanuni za kwanza za 5G ziliruhusu simu kutumia kipande chembamba cha njia pale haina kazi kubwa. Zile za mwaka 2020 zilileta ishara fupi inayoambia simu: kuna kitu chako, amka, kama hakuna, endelea kulala. Pia ziliipa simu sauti: inaweza kuomba mtandao uipunguzie mzigo ili iokoe batri. Mwaka 2022 ikaja kanuni inayoruhusu muungano wa pili kulazwa bila kukatwa. Kazi ikirudi, unaamshwa haraka bila kuanza upya.

Lakini kanuni iliyo kwenye karatasi haichaji simu. Kampuni inapaswa kuiweka kwenye antena zake na kuiwasha, na simu yenyewe inapaswa kuielewa. Simu nyingi za zamani haziwezi. Tena kampuni inauza mwendo. Bei ya chaji haiko kwenye hesabu zake. Anayeilipa ni mteja, pale kibandani. Siku 5G itakapoenea huku kwetu, kuuliza kama hizo kanuni za kuokoa batri zimewashwa itakuwa haki ya mteja, sawasawa na kuuliza bei ya mega.

Kwa sasa, mambo machache yako mikononi mwa mwenye simu. Mega ziwashwe kwenye laini moja tu. Pale 4G inakuja na kupotea, ni afadhali kuchagua 3G iliyo imara kuliko kuacha simu ihangaike kati ya hizo mbili. Kadi ya SIM isiyo na rezo mahali pale izimwe kwenye mipangilio ya simu, ila mwenyewe akumbuke kwamba hatapigiwa wala kutoa pesa kwa laini hiyo mpaka aiwashe tena. Kwenye barabara isiyo na antena yoyote, hali ya ndege inakomesha kutafuta kwa bure. Na picha ao video nyingi zishushwe kwa pamoja, mahali rezo ina nguvu.

Hayo hayatageuza batri iliyochoka kuwa mpya. Lakini kwa mtu anayelipia kila chaji, saa chache za ziada zinaweza kutosha kupokea pesa za jioni kabla ya simu kuzimika.