Bandama ikivimba, si malaria tu: kipimo kidogo kilicho nyuma ya dawa kubwa

Hapa kwetu Kindu, uwe Kasuku, Mikelenge ao Alunguli, mutu akivimba bandama maneno ni yale yale. Mumoja anasema ni malaria ya zamani, mwingine anasema amerogwa. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kuna kansa ya damu inayojificha hapo: leukemia sugu ya mieloidi.

Inakuja namna gani? Ndani ya chembe za mwili kuna vimeng'enya vinavyoitwa kinase. Kazi yao ni kubandika fosfati juu ya protini. Ni kama karani na muhuri wake: karatasi ikipigwa muhuri, kazi inaanza. Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, na hapo inazaliwa kinase mbaya, BCR-ABL. Karani huyu hapumziki. Anapiga muhuri muchana na usiku, na chembe nyeupe zinajaa mwilini.

Sasa, utajuaje karani anapiga muhuri kwa nguvu gani? Protini nzima ni kubwa na ngumu kusafisha. Kwa hiyo wataalamu walitengeneza vipande vifupi vya protini, yaani peptidi: karatasi ndogo tupu za kumupimia karani. Inayojulikana sana ni Kemptide, yenye asidi amino 7 tu, ya mwaka 1977, kazi ya Bruce Kemp, Edwin Krebs na wenzao huko Marekani. Kila kinase ina karatasi inayoipenda. Ya Abl inaitwa Abltide.

Katika labo wanachanganya kinase, peptidi na ATP ambayo fosfati yake imetiwa alama ya mionzi. Wanangoja dakika chache, kiisha wanahesabu alama zilizobandikwa juu ya peptidi. Zikiwa nyingi, kinase ina nguvu. Wakiongeza dawa na alama zikapungua, basi dawa imemushika karani mukono.

Dawa moja inayomushika hivyo ni imatinib, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2001. Zamani wagonjwa wengi walikufa kisha miaka michache. Leo wengi wanaishi miaka mingi kwa kumeza dawa kila siku. Huko Kenya, wagonjwa wamepewa dawa hii bure katika Nairobi Hospital, kwa mupango wa Novartis na Max Foundation. Tangu 2015, OMS imeiweka kati ya dawa za lazima.

Hata mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, inaweza kutafuta BCR-ABL ikipewa katriji yake.

Lakini mulango wa kwanza ni rahisi zaidi. Bandama ikivimba, mwili ukikonda, jasho likitoka usiku, na dawa ya malaria isisaidie, muombe munganga ahesabishe chembe nyeupe za damu. Kawaida ni kati ya 4.000 na 10.000 hivi kwa mikrolita. Katika leukemia hii zinaweza kupita 100.000. Hesabu hiyo ifanyike mbele ya kumutafuta muchawi.